Kitambaa Chekundu cha Madamu

Ukitaka kumjua Mama Kipimo, usimfuate jioni. Jioni ni mama kama mama wengine, miguu imemvimba, anagombana na redio isiyoshika. Mfuate asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kwenye dirisha la ushirika la kupokelea maziwa. Utamkuta kavaa koti jeupe na buti za mpira, foleni mbele yake imefika barabarani, na hakuna anayepiga kelele. Watu wazima wenye wajukuu wanamtazama mikono. Kwanza anauliza maswali mawili, yale yale kila siku, kwa kila mtu: "Nani kakamua? Kuna mwenye kitambaa?" Kisha anafungua mfuniko wa keni, ananusa. Anachota kidogo, anachanganya na spiriti kwenye kikombe cha kioo, anakiinua kwenye mwanga. Yakiganda, hakuna mjadala, rudi nayo kwako. Yasipoganda, anatumbukiza kile kipimo kinachoelea, kinachomuumbua aliyeongeza maji. Ndipo anasema neno ambalo kila mtu pale ameamka kulisubiri.

"Mimina."

Basi, hakuna zaidi. Alishamrudisha kaka yake wa tumbo moja mbele za watu, na kaka mtu akakaa mwezi mzima hamsalimii. Alishamrudisha mwenyekiti wa ushirika mwenyewe, siku keni yake ilipokuja haikuoshwa vizuri. Na mdomo anao, usifanye mchezo. "Baba, haya ni maziwa au maji ya kuoshea vyombo?" Foleni inaangua kicheko, na baba wa watu anaondoka na keni yake, kichwa chini. Jina la Mama Kipimo walimpa kwa kumsengenya. Yeye akalivaa kama cheo.

Mimi simtetei, lakini ukali ule haukutoka hewani. Zamani, kabla ya ushirika, maziwa ya kijiji kizima yalikuwa na mnunuzi mmoja, mchuuzi wa baiskeli, na mchuuzi alikuwa na kopo lake. Lita moja, alisema. Siku moja Mama Kipimo, wakati huo bado mama kijana mwenye ng'ombe mmoja na nyumba ya nyasi, alilijaza kopo lile maji kwa chupa ya dukani. Likameza lita moja na robo. Alipomwambia, mchuuzi alicheka mpaka baiskeli ikatikisika. "Shemeji, kama hulipendi kopo langu, kunywa mwenyewe maziwa yako." Akapanda, akaenda zake. Siku tatu hakupita kwake. Siku tatu maziwa yaliharibika kwenye sufuria huku mtoto akidaiwa daftari shuleni, na siku ya nne Mama Kipimo alimfuata mchuuzi njiani akamwomba radhi. Yeye ndiye aliyeibiwa, na yeye ndiye aliyeomba radhi! Hilo halijamtoka na sidhani kama litamtoka.

Ushirika ulianza na watu kumi na tisa waliochoshwa na kopo lile. Waliuza kuku, waliuza mbuzi, mmoja aliuza kitanda. Walinunua tangi la baridi, likawekwa kwenye kibanda cha tofali, na lori la kiwanda likakubali kuja kila asubuhi saa nne. Sasa ni nyumba mia tatu na ushei. Nyumba ya Mama Kipimo ina bati na umeme. Binti yake mkubwa yuko chuo cha uuguzi. Mumewe, aliyekuwa kibarua wa kubeba magunia mpaka mgongo ukagoma, sasa ndiye anayekamua na kutunza zizi. Na yeye mwenyewe, mtu wa darasa la saba, ushirika ulimpeleka mafunzo wiki sita, akarudi na koti jeupe ambalo hamruhusu mtu mwingine kulifua.

Kuna kitu kimoja tu ambacho dirisha lile haliwezi kukiona, nacho ni dawa. Ng'ombe akichomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele, dawa inatoka ndani ya maziwa yake kwa siku tano. Maziwa yanakuwa meupe vile vile, matamu vile vile, spiriti haiyashiki. Lakini kiwandani mtindi unakataa kuganda, na wapo watu ambao dawa ile inawavimbisha koo. Kiwanda wana mashine ya kuipima, nao hupima wanapojisikia, leo ndiyo, kesho hapana. Kwa hiyo wanachama walijiwekea utaratibu. Ng'ombe aliyechomwa anafungwa kitambaa chekundu mguu wa nyuma. Anakamuliwa wa mwisho, kwenye ndoo yake, na maziwa yake yanamwagwa mpaka daktari wa mifugo afungue kitambaa mwenyewe.

Mwaka jana Mama Pacha alisahau. Ni mjane, ana ng'ombe mmoja na wale mapacha wake, na asubuhi ile watoto waliamka na homa, akakamua na kupeleka akili haipo, hata dirishani akajibu hakuna mwenye kitambaa. Alipokumbuka alikimbia mpaka ofisini bila viatu, akasema mwenyewe, lakini lori lilikuwa limeondoka. Kiwanda walipima siku hiyo. Walimwaga lori zima, wakaandika barua: likitokea tena, lori letu halitarudi. Mama Pacha akasimamishwa kuleta maziwa siku thelathini. Kwenye mkutano mkuu alisimama, akauliza swali moja: "Na mtu akijisema mwenyewe, hapunguziwi?"

Aliyemjibu ni Mama Kipimo, tena akiwa ameketi. "Nani atajisema mwenyewe? Jamani, tusitunge sheria ya malaika." Ukumbi ulicheka, mikono ikanyooshwa, na sheria ikabaki siku thelathini kwa yeyote, kwa namna yoyote. Mama Pacha akakaa chini. Tangu siku ile akija dirishani anajibu maswali mawili, anamimina, anaondoka, hamtazami usoni.

Haya, tuje kwenye siku yenyewe. Mume wa Mama Kipimo alikuwa amesafiri kumpelekea binti vitu vyake chuoni, na mama mkwe alikuwa amekuja jana yake kusaidia nyumbani. Zizini kulikuwa na ng'ombe wawili, Madamu na binti yake Tausi. Madamu alikuwa siku ya pili tangu achomwe sindano. Utaratibu unasema mwenye ng'ombe wa kitambaa akamue kwa mkono wake mwenyewe, lakini Mama Kipimo alitakiwa dirishani kabla jua halijatoka. Akamwonyesha mama mkwe kwa tochi. "Mama, huyu mwenye kitambaa, maziwa yake weka kwenye ndoo ya buluu, mwaga. Huyu asiye na kitambaa, keni." Mama mkwe alimwambia, "Mwanangu, nilikamua ng'ombe kabla mumeo hajaota meno. Nenda kazini."

Saa moja na nusu jirani alileta keni ile kwa baiskeli. Mama Kipimo alinusa, akachanganya na spiriti, akatumbukiza kipimo. Safi kabisa. Maswali mawili hakuyauliza. Amuulize nani? Keni ni yake. Akaimimina mwenyewe kwenye tangi, akasema, "Anayefuata."

Saa mbili na nusu foleni ilikuwa imekwisha, na mama mkwe akaingia na chupa ya chai, kitenge begani, uso una furaha ya mtu aliyefanya kazi vizuri.

"Kunywa, mwanangu. Kule nimemaliza kila kitu. Hata kile kitambaa chenu nimekifua, maana kilikuwa kimejaa kinyesi, aibu tupu. Nimekifua, nimekikamua, nimekirudisha."

"Umekifua lini, mama?"

"Kabla ya kukamua. Niliwaacha wanakula, nikaenda bombani, nikarudi nikamfunga. Na mgonjwa wenu yule ni mkorofi! Nilipoinama alinigeuzia kichwa, ile pembe yake iliyopinda nusura initoe jicho."

Mama Kipimo aliweka kikombe mezani taratibu. Madamu hana pembe iliyopinda. Wale ng'ombe ni weusi wote, baka jeupe moja kwenye paji, na ukiwaacha kwenye hori wanabadilishana nafasi kila wakati, kila mmoja anaamini la mwenziwe ni tamu zaidi. Pembe iliyopinda ni ya Tausi. Kitambaa kilikuwa kwa Tausi. Maziwa yaliyomwagwa ni ya Tausi, na yaliyoingia kwenye keni ni ya Madamu.

"Mama," alisema, na sauti haikuwa yake, "nenda nyumbani. Usimguse ng'ombe yeyote mpaka nije."

"Kuna nini? Mbona umebadilika rangi?"

"Nenda tu, mama yangu. Nakuja."

Alibaki peke yake na mlio wa mashine ya tangi. Lita elfu nne. Maziwa ya asubuhi ile, ya nyumba mia tatu, na ndani yake lita kumi na mbili za Madamu zikizungushwa polepole na kile chuma cha kukorogea. Alilitazama tangi lile. Aliificha mikono mfukoni mwa koti kana kwamba tangi lina macho.

Mtu akibanwa hesabu zake huwa za haraka. La kwanza alilofikiria ni kunyamaza. Lita kumi na mbili ndani ya elfu nne, nani atajua? Labda leo hawapimi. Na wakipima? Lori haliji tena, tangi linakuwa pipa la kuhifadhia mahindi, na mchuuzi wa baiskeli anatoa kopo lake uvunguni. Binti atarudi kutoka chuo na begi lake. Nyumba mia tatu, kwa sababu yeye alimuuliza kila mtu isipokuwa nafsi yake.

La pili lilimjia likiwa na sura nzuri zaidi. Swichi ya mashine ilikuwa ukutani, hatua nne. Akiizima sasa, na jua hili, yatapata joto kabla ya lori kufika, na kiwanda hakipokei maziwa yenye joto. Yatamwagwa, ndiyo, lakini yatamwagwa kwa sababu ya umeme. Hakuna atakayeuliza kitambaa. Alijikuta amefika ukutani, kidole kiko juu ya swichi.

"Dada, unatafuta nini kwenye bibi harusi wangu?"

Alikuwa Baridi, fundi wa tangi, mwanamume wa makamo mwenye tumbo na mzaha usiokwisha, anayelala na kuamka na mashine ile. Alikuwa amebeba ndoo ya maji ya kusafishia mipira.

"Naangalia tu."

"Angalia, usiguse. Hiyo ikizimika hata robo saa, watasema nilikuwa nimelewa, na mimi nilishaacha, unajua mwenyewe. Mwenyekiti aliniambia kosa moja tu nipotee." Akacheka, akaweka ndoo chini. "Mbona unatoka jasho kama unakimbizwa?"

Mama Kipimo alikishusha kidole. Akajiona, haki ya Mungu, akajiona vizuri kabisa: mtu mzima, koti jeupe, anataka kumfukuzisha kazi mlevi aliyeacha pombe ili yeye asiaibike. Alijichukia pale pale.

Kabla hajafungua mdomo lori likapiga honi nje. Saa tatu na dakika kumi! Siku zote saa nne, siku hiyo saa tatu. Dereva alikuwa na haraka, barabara ya juu inafungwa mchana kwa matengenezo. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye kibanda, akashuka, akauvuta mpira mnene, akaukaza kwenye koki ya tangi. Mwenyekiti alitoka ofisini na kitabu cha kutia sahihi. Baridi alishika mpini wa koki. Mambo yote yalikwenda mbio kuliko miguu ya Mama Kipimo.

"Usifungue!"

Baridi aligeuka. Dereva aligeuka. Mama Kipimo alikuwa tayari amesimama kati ya fundi na koki, mikono miwili juu ya mpini.

"Usifungue. Kuna maziwa ya kitambaa humu ndani."

"Ya nani?" Mwenyekiti aliuliza, na kalamu ilikuwa bado imeelekea kitabuni.

"Yangu."

Mashine iliendelea kunguruma. Dereva aliitazama saa yake. Mwenyekiti alimshika Mama Kipimo kiwiko, akampeleka nyuma ya kibanda, kwenye harufu ya majani yaliyolowa.

"Mama, una hakika?"

"Nina hakika."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Mwenyekiti alijifuta uso kwa kiganja. Si mtu mbaya. Alikuwa mwalimu miaka thelathini na anaujua uzito wa aibu. "Basi sikiliza. Tunasema mashine ilizimika. Yanamwagwa vile vile, kiwanda hakidhuriki, na wewe unabaki dirishani. Ukiondoka wewe leo, nani atapima kesho? Sikufanyii upendeleo, nauangalia ushirika."

Yaani kile kile alichokifikiria yeye dakika tano zilizopita, sasa kinaletwa mezani na mwenyekiti, kimefunikwa na kitambaa safi. Mtu angeweza kulia kwa unafuu. Mama Kipimo aliangalia kupitia pembe ya ukuta akamwona Baridi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mzaha wote umemtoka usoni, anaitazama mashine yake. Alikuwa amesikia. Alikuwa anangoja kujua kama bado ana kazi.

"Hapana," alisema Mama Kipimo. "Mashine haikuzimika."

"Fikiria watoto wako."

"Mwalimu, mimi nikisema mashine ilizimika, kesho nitamuulizaje mtu 'nani kakamua'? Kwa mdomo gani?"

Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kumwambia dereva aondoke tupu.

Kumwaga lita elfu nne si kazi ya dakika moja. Baridi alifunga mpira mwingine kwenye koki akauelekeza mtaroni, na maziwa yakatoka, meupe, mazito, yakafuata mtaro mpaka barabarani, yakapita mbele ya duka la dawa za mifugo, mbele ya kinyozi, yakateremka kuelekea daraja. Mbwa walikuja. Na baada ya mbwa wakaja watu, maana hakuna barua inayosomwa haraka kuliko mtaro mweupe. Walikuja na mikono yenye udongo, wengine na majembe bado begani. Walisimama kwenye ukingo wa mtaro, wanatazama jasho lao linakwenda. Mama mmoja mzee alichuchumaa akaweka kiganja ndani ya yale maziwa, akakitoa, akakifuta kwenye sketi. Hilo lilimuuma Mama Kipimo kuliko kama angetukanwa.

Mkutano ulifanyika pale pale, wamesimama. Mama Kipimo alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya keni iliyofunikwa. Akaeleza. Alieleza vibaya, anarudi nyuma, anasahau neno, yeye ambaye ulimi wake unajulikana. Alisema kitambaa kilihama. Alisema aliondoka nyumbani bila kukamua, na keni ilipokuja hakuuliza.

"Nani alikihamisha?" sauti ikauliza nyuma.

"Ng'ombe ni wangu. Kitambaa ni changu."

"Hatukuuliza hilo, tumeuliza nani!"

"Ni mimi!" Mama mkwe hakuwa amekwenda nyumbani wala nini. Alikuwa kajibanza ukutani na chupa yake ya chai. "Ni mimi niliyekifua. Nilikiona kichafu. Kama kuna wa kupigwa, nipigeni mimi."

"Mama, nyamaza," Mama Kipimo alisema. "Wewe ulifua kitambaa. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuuliza."

Hapo ndipo watu walipoanza kusema wote kwa pamoja. Kwamba amejisema, basi asamehewe. Kwamba bila yeye lori lingekwenda, na leo tungekuwa tunaongea mengine. Kwamba ni bahati mbaya. Ndugu yake, yule aliyerudishwa na keni yake, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, asamehewe! Mwenyekiti aliinua mkono, akakaribia kusema wapige kura, na Mama Pacha akapita katikati ya watu mpaka mbele. Alikuwa hajavua aproni ya shambani. Kila mtu alikumbuka kwa wakati mmoja.

"Mimi nilijisema," alisema Mama Pacha. "Nilikuja hapa bila viatu. Nikaambiwa hakuna sheria ya malaika." Alimgeukia Mama Kipimo, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. "Leo malaika kapatikana. Mpeni siku zake thelathini."

"Mama Pacha..." mwenyekiti alianza.

"Thelathini. Zote. Mimi nilizimaliza, sikufa, ingawa nilikaribia. Halafu akishazimaliza yeye, ndipo muibadilishe hiyo sheria. Mkiibadilisha leo mtakuwa mmeibadilisha kwa ajili yake. Mimi nataka ibadilishwe kwa ajili ya mtu."

Mama Kipimo alitikisa kichwa kukubali. Kilichomuuma ni kwamba mwanamke yule alikuwa na haki kila neno.

"Na kesho nani atasimama dirishani?" mwenyekiti aliuliza, kinyonge.

Watu walitazamana. Ni kazi ya wiki sita za mafunzo, na aliyefunzwa alikuwa mmoja. Mama Kipimo aliliokota lile koti. "Baridi anaweza kupima siku mbili tatu, ameniona nikifanya miaka yote. Lakini tafuteni mtu nimfundishe. Na kama mnaniuliza mimi, ni huyu." Akalinyoosha koti kwa Mama Pacha. "Huyu hatasahau kuuliza."

Mama Pacha alilitazama koti. "Nitajifunza," alisema. "Lakini usidhani tumemalizana." Akalichukua.

Kiwanda kilipiga simu jioni. Tangi lililomwagwa kabla ya lori kupakia si kesi yao, walisema, lori litakuja kesho kama kawaida. Mwenyekiti alitembea mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaambia watu.

Asubuhi ya kwanza ya zile siku thelathini, Mama Kipimo aliamka saa ile ile, akavaa buti, ndipo akakumbuka hana pa kwenda. Alimkamua Tausi, maziwa mazuri, keni nzima. Alikaa nayo mlangoni. Na kengele ya baiskeli ikalia getini, ikalia mara mbili, kwa raha.

"Shemeji," alisema mchuuzi wa baiskeli. Alikuwa amezeeka, mvi zimempanda, lakini kopo lilikuwa lile lile, limefungwa kwenye usukani. "Nimesikia habari. Nikasema, mtu wangu wa zamani nisimwache."

Mama Kipimo aliitazama keni. Kesho kutwa binti anataka ada, mume hajarudi, na maziwa hayangoji mtu. Kulikuwa na saa mbili tu kabla jua halijayaharibu, na mchuuzi alilijua hilo kuliko yeye. Alikuwa tayari anafungua kamba ya kopo.

"Weka kopo lako chini," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Mama Pacha, amekuja na mtungi mkubwa wa kusukia samli, ameukumbatia tumboni kama mtoto. Alimpita mchuuzi bila salamu, akauweka mtungi mlangoni.

"Mimi nilipofungiwa, getini kwangu alikuja huyu tu," alisema, anahema. "Siku tisa nilimuuzia kwa kopo lake. Siku ya kumi nikaazima mtungi huu kwa shangazi yangu. Samli haiharibiki, utaiuza sokoni. Utasuka kila siku mpaka mikono itoke malengelenge. Nitakuonyesha, na wewe utanionyesha ile spiriti." Akamgeukia mchuuzi. "Bado uko hapa?"

Mama Kipimo alilia. Alilia kwa sauti, na kamasi, na mchuuzi akaona hapana biashara, akapanda baiskeli yake. Mama Pacha hakumbembeleza hata kidogo. Alikaa chini, akaubana mtungi katikati ya magoti, akasema, "Leta hayo maziwa, yanachacha."

Siku thelathini ni nyingi, yeyote aliyezihesabu atakwambia. Mikono ilitoka malengelenge kweli. Mama mkwe alisuka zamu ya mchana, hakutaka kuambiwa apumzike. Mume aliporudi alikwenda zizini kwanza, akatazama miguu ya ng'ombe wote wawili, ndipo akaja kumkumbatia mkewe. Kitambaa cha Madamu daktari alikifungua siku ya tano, na Mama Kipimo akakitundika kwenye msumari ukutani, pale anapokiona akinywa chai.

Siku ya thelathini na moja alikamua mwenyewe, ng'ombe wote wawili. Alipakia keni kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka kwenye kibanda cha tofali, akashika foleni. Kumi na watano walikuwa mbele yake. Walimsogezea nafasi aende mbele, akakataa. Hakuwahi kusimama upande ule wa dirisha. Hakuwa akijua kwamba ukiwa huko unaona mikono tu, na uso wa mpimaji unafichwa na fremu.

Zamu yake ikafika. Akaweka keni juu ya sementi.

"Nani kakamua?" Mama Pacha aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Kuna mwenye kitambaa?"

"Hakuna. Alifunguliwa na daktari, ni wiki ya nne sasa."

Mama Pacha alinusa. Akachota, akachanganya na spiriti, akatikisa, akainua kikombe kwenye mwanga. Alikiangalia sana. Akamwaga kile, akachota tena, akarudia mwanzo. Mama Kipimo alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yake yenye sugu mpya, na akagundua anaomba moyoni, yeye, aliyewaombesha watu miaka saba.

Kipimo kikaelea, kikatulia. Mama Pacha akainama chini ya fremu ili uso wake uonekane.

"Mimina, dada," alisema.